Gramu kwenda vikombe: kupima vitu vya keki bila mizani

Kila wiki naulizwa, "Gramu 250 ni vikombe vingapi?" Jibu halipo mpaka useme gramu za nini. Kikombe cha mililita 250 kikijaa maji kina gramu 250. Kikijaa unga wa ngano kina kama 125 hadi 130, sukari 200 na kitu, mafuta ya alizeti kama 230. Unga ndio msumbufu, kwa hiyo nitakaa nao zaidi.

Hatua ya 1. Chagua kikombe kimoja, usikibadilishe. Chupa ya maji ya nusu lita ikijaza vikombe viwili kamili, basi chako ni cha mililita 250. Kama sicho, usikitupe. Hatua ya 3 ni yako.

Hatua ya 2. Chekecha unga, uweke kwenye kikombe kwa kijiko mpaka ufurike, kisha kata juu kwa mgongo wa kisu. Usigonge kikombe mezani wala usikizamishe kwenye mfuko wa unga. Ukichota hivyo, kikombe kilekile kinabeba gramu 150 au zaidi. Kwenye vikombe vinne umeshazidisha gramu 80 na ushee, keki inatoka kavu, halafu lawama zote kwa jiko la mkaa.

Hatua ya 3. Nunua pakiti ya kilo moja iliyofungwa kiwandani. Pima yote kwa kikombe chako hadi iishe, kisha gawa 1,000 kwa idadi ya vikombe. Unga ukitoa vikombe 8, kikombe chako ni gramu 125. Sukari ikitoa 5, ni gramu 200. Andika namba hizo, bandika kwenye mlango wa kabati. Kwangu mimi hii inashinda jedwali lolote la mtandaoni, maana majedwali mengi yanahesabu kikombe cha Marekani, ambacho ni kidogo kuliko mililita 250.

Hatua ya 4. Gawa. Unga gramu 400 kwa 125 ni vikombe 3 na vijiko vya chakula 3 hivi. Sukari gramu 300 kwa 200 ni kikombe kimoja na nusu. Siagi usiihangaikie: kopo la gramu 250 limeandikwa uzito, likate kwa kisu.

Vya kijiko cha chai, kikiwa kimesawazishwa: chumvi gramu 6 hivi, beking pauda 4 hadi 5, hamira ya chenga 3.

MASWALI

Nkuhungu: Shikamoo mwalimu. Mimi unga napimiwa dukani, siwezi kutumia huo kwenye hatua ya 3?
– Marahaba mwanangu. Kupikia tumia, kupimia kikombe hapana. Mizani ya dukani ikikosea kidogo, kosa litakufuata kwenye kila keki.

Mpwapwa: Nataka kuchanganya unga wa mtama. Namba ya ngano inafaa?
– Haifai, dada. Mtama wa mashine ya mtaani husagwa kila mahali kivyake, kwa hiyo upimie namba yake. Ondoa robo ya uzito wa ngano, weka mtama uzito huohuo. Ukizidisha sana keki inamomonyoka, kwa sababu mtama hauna gluteni, ile protini ya ngano inayoshikanisha keki.

Singida: Huku asali ipo tele. Mapishi yanasema asali gramu 175, nimeweka karibu kikombe kizima kama sukari. Imekuwa nyeusi juu, katikati mbichi!
– Pole kaka. Asali ni nzito, gramu 175 ni nusu kikombe tu. Umeweka karibu mara mbili, na asali huwahi kuungua. Safari ijayo paka kikombe mafuta kwanza, itateleza yote.

Kisasa: Na zabibu kavu?
– Kikombe ni kama gramu 150, bila kushindilia. Zikizidi kidogo hakuna atakayelalamika.