Kuwakutanisha wapenzi wa filamu za kale Mtwara: shuka, umeme na msimulizi

Mpenzi wa filamu za kale hapa Mtwara kwa kawaida anaangalia peke yake, kwenye simu, usiku. Ili wajuane, wawekeeni filamu moja mbele ya kitambaa kimoja, mara moja kwa mwezi. Kibanda umiza hakifai, kwa sababu ratiba yake ni mpira na ligi haimsubiri mtu. Tafuteni ua wenye ukuta mrefu, Mikindani, Ligula au Shangani, wa kutosha watu 30. Anzeni saa 2:15 usiku, baada ya Isha: giza limekamilika na hakuna anayelazimika kuchagua kati ya swala na sinema.

Onyesho la hadharani lina sheria yake, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Piteni mapema kwa ofisa utamaduni, na mwenyekiti wa mtaa ajue.

Kioo ni shuka zito jeupe la futi 7 kwa 8, lisilo na mshono katikati. Nyuma yake shoneni kitambaa cheusi, la sivyo mwanga unapita na weusi wa picha unakuwa kijivu. Upepo wa kusi hulijaza shuka kama tanga, kwa hiyo lifungeni pande zote nne, kila sentimita 30, kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Kamba ya kawaida inalegea au inachana pindo. Mpira unavutika na kurudi.

Picha iwe na upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 1.65. Filamu nyingi za kabla ya 1953 zina umbo hilo la 4 kwa 3, wakati projekta nyingi za leo zimetengenezwa kwa 16 kwa 9. Kosa la kwanza la kila mgeni ni kuivuta picha ijaze upana wote, na Chaplin anatoka mnene kama pipa. Acheni pembeni pawe peusi. Projekta ikae mita 4 hadi 4.5 kutoka kwenye shuka, kisha isogezwe, maana kila lenzi ina kipimo chake. Mvua zikianza, kumbikumbi watavamia lenzi. Washeni balbu moja nyuma ya hadhira, mita 10 hivi, iwavute huko.

Umeme ukikatika, projekta ya taa inazimika pamoja na feni yake ikiwa bado ya moto, na hapo ndipo taa zinapokufa. Kwa hiyo tegemeeni betri. Ya volti 12 yenye Ah 100 (ampea-saa) ina takribani Wh 1,200 (wati-saa). Tumieni nusu tu, toeni kinachopotea kwenye inveta, inabaki kama Wh 500. Projekta ya LED ya wati 100, spika na laptop vikifika wati 200 jumla, mna saa mbili na nusu.

Kwa usiku wa kwanza chagueni filamu bubu: safari ya mwezini ya Georges Méliès ya 1902, ya takribani robo saa, kisha Sherlock Jr. ya mchekeshaji Buster Keaton ya 1924, dakika 45. Hakuna maongezi ya Kiingereza ya kumfukuza mtu. Pia hadhira yetu imezoea filamu yenye mtafsiri anayesimulia juu ya picha, na Wajapani wa enzi hizo walikuwa na kazi hiyohiyo: benshi, aliyekaa kando ya kioo na kusema.

Kwa hiyo mpateni msimulizi, na mpeni wiki nzima. Aitazame filamu mara mbili, aandike kwa Kiswahili kila kadi ya maandishi (maneno yanayotokea kwenye kioo katikati ya picha), kisha aipunguze hadi iishe kwa pumzi moja. Kadi hukaa sekunde chache tu, na Kiswahili ni kirefu kuliko Kiingereza. Sentensi ya maneno 12 inatosha. Akichelewa, neno linaangukia tukio linalofuata na kicheko kinakufa. Pasipo na kadi, anyamaze. Zimeni muziki wa nakala, kwani filamu inaweza kuwa haina mwenye hakimiliki tena huku muziki uliorekodiwa juzi unaye. Mpiga gitaa mmoja anatosha.

Angalieni pia mwendo. Filamu bubu nyingi zilipigwa kwa picha 16 hadi 20 kwa sekunde. Zikiendeshwa kwa 24 watu wanatembea kama wamekanyaga makaa. Nakala yenu ikiwa hivyo, shusheni mwendo hadi 0.8. Nyingine zimesharekebishwa, kwa hiyo tazameni miguu ya wapita njia kwanza.

Baada ya filamu msiulize "mmeionaje?", mtajibiwa "nzuri" na watu watachukua viatu. Rudisheni kipande kimoja. Katika hiyo ya Keaton, mwendesha projekta anaota na kuingia ndani ya kioo, na mandhari inabadilika mara bustani, mara barabara, mara ukingo wa jabali, yeye akiwa palepale. Rudieni taratibu, mara tatu, muulize mkato, yaani picha moja inapoisha na nyingine kuanza, uko wapi. Kumbe walipima kwa makini umbali kati yake na kamera. Hapo fundi ujenzi anabishana na mwalimu, na mzee aliyewahi kuona sinema iliyoletwa na gari anasimama aeleze. Mwenye daftari aandike majina, simu, na filamu ambayo kila mmoja anataka kuiona mwezi ujao.