Asilimia ya gharama ipi? Kubishania ada ya msanifu majengo Uingereza

Ndugu zangu mlioko Uingereza mnaofikiria kuongeza jiko au chumba nyuma ya nyumba, leo nina kifungu kimoja tu cha mkataba cha kuwaonyesha. Mengine ni ya kawaida: msanifu anapima, anachora, maombi yanakwenda halmashauri, na uamuzi unatakiwa utoke ndani ya wiki 8. Hayo hayajamtoa mtu machozi.

Machozi yapo pale panapoandikwa kwamba ada ni asilimia kadhaa ya gharama ya ujenzi. Gharama ipi? Uliyomtajia siku ya kwanza, anayoikadiria yeye baada ya kuchora, au atakayotoza mkandarasi? Mkataba wangu ulisema asilimia 12, basi. Nilikuwa nimetaja bajeti ya pauni 60,000, kwa hiyo kichwani mwangu ada ilikuwa 7,200. Michoro ikanoga: dirisha la paani, milango ya vioo ukuta mzima, boriti ya chuma ya kuibeba ghorofa. Makadirio yakafika 95,000 na ada ikayafuata kimyakimya hadi 11,400. Juu yake ikaja VAT ya asilimia 20, maana maandishi madogo ya chini yalisema bei zote ni kabla ya kodi. Jumla pauni 13,680, na hakuna tofali hata moja lililowekwa.

Tafadhali rudia kusoma hapo. Kadiri anavyokuchorea vya ghali ndivyo anavyolipwa zaidi. Ukikubali asilimia, iandikwe ni ya kiasi gani, na kwamba kiasi hicho hakibadiliki bila wewe kukubali kwa maandishi. Bora zaidi, dai ada moja isiyobadilika kwa kila hatua ya kazi, VAT ikiwa ndani, na haki ya kuishia hatua yoyote.

Nikimpigia mjomba Tanga ananicheka: "Ramani tu hiyo! Huku kijana anakuchorea kwa laki tano, na mkishindwana unampunguzia." Shikamoo mjomba, lakini huku bei hupatanwa kabla ya kusaini. Ukisubiri ankara ndipo uanze kulia shida, utajibiwa kwa barua ya mwanasheria. Na nyie binamu mlioko huku, acheni kunitumia namba za "kijana wetu anachora vizuri". Mtu yeyote anaweza kuchora ramani, lakini anayejiita msanifu majengo lazima awe kwenye rejista ya ARB, bodi ya kusajili wasanifu majengo, kwa sheria ya 1997. Tafuta jina lake humo kwanza. Hayumo, basi bodi hiyo haiwezi kumchukulia hatua za nidhamu kama msanifu.

Hata akiwemo, ARB haitaamua kama ada ni kubwa mno. Ila kanuni zake zinamtaka awe na makubaliano ya maandishi kabla ya kuanza kazi, yakieleza ada au jinsi itakavyokokotolewa. Hapo ndipo pa kumbana. Kwa upande wa sheria, shika Consumer Rights Act ya 2015, sheria ya haki za wateja: kifungu cha mkataba kikiwa na maana mbili, inafuatwa ile inayomfaa mteja. Na kama bei haikupangwa kabisa, unalipa kiasi cha haki tu. Barua yangu ya kupinga ankara ilisimama juu ya hoja hiyo ya maana mbili, wala sikuandika kwamba ananiibia.

Waingereza, kwa kweli, wana adabu inayopoteza watu wetu. Hakuna anayekunja uso. Unamwambia msanifu ungependa dirisha pana kidogo, anatabasamu, mnakunywa chai, wewe unadhani ni maongezi. Mwenzio ameyaandika kama kazi ya ziada. Ukimjibu kwa barua pepe kwamba michoro ni mizuri, umeshaifunga hatua hiyo na ankara yake inafuata. Kila mkizungumza, andika jioni ileile: tumesema hivi, nami sijakubali gharama mpya. Uzuri wao ni kwamba barua ya malalamiko hawaihesabu kuwa uadui, tofauti na kwetu ambako mtu atakununia mpaka msibani.

Ukibisha, lipa sehemu usiyoipinga na useme kwa maandishi unapinga ipi na kwa nini. Hiyo inaonyesha nia njema, na tena mgogoro unaobaki ukiwa chini ya pauni 10,000, kwa England na Wales utasikilizwa kama dai dogo, ambako gharama za mawakili kwa kawaida hazihamishiwi kwa anayeshindwa. Tangu Mei 2024 madai mengi ya fedha ya aina hiyo hupitia kwanza usuluhishi wa simu wa saa moja, bure.

Karatasi za mahakama zikija, zijibu ndani ya siku 14. Narudia, zijibu. Ukinyamaza hukumu inatoka bila wewe, na usipoilipa ndani ya mwezi inakaa miaka 6 kwenye rekodi yako ya mikopo. Wakenya, mnaijua CRB, ile taasisi ya kumbukumbu za wakopaji.

Mkiafikiana, maafikiano yataje kwamba una ruhusa ya kutumia michoro hiyo kujengea. Hakimiliki inabaki kwa msanifu, na anaweza kukuzuia kuitumia wakati hujamaliza kulipa. Omba na mafaili yenyewe ya kompyuta siku hiyohiyo, kwa sababu mhandisi wa boriti atayahitaji.