Pete, cheni na bangili: kuchagua pambo la kiume linalohimili kazi na jasho

Kabla hujauliza bei ya pete, tazama mkono utakaoivaa unashinda ukifanya nini. Fundi wa gereji, dereva wa boda boda na karani wa benki hawawezi kuvaa pambo moja, hata kama wote watatu wamelipenda.

Anzia kwenye madini. Kwa mtu wa jasho jingi (na mchana wa Arua au Gulu nani hatoki jasho?) chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316L ndicho kisicho na usumbufu: hakipauki wala hakihitaji kung'arishwa. Fedha inayogongwa muhuri wa 925 ina sehemu 925 za fedha kwa kila 1000, na zilizobaki mara nyingi ni shaba. Ni laini kidogo, hukwaruzika, na salfa huifanya nyeusi, ila weusi huo hutoka. Kwa Mwislamu hesabu ni fupi: dhahabu ni haramu kwa wanaume na fedha inaruhusiwa, basi pete yake iwe ya fedha.

Shaba, iwe nyekundu au ya njano, huacha alama ya kijani kidoleni. Ni chumvi na asidi za jasho zinazoila. Huoshwa kwa sabuni na si ugonjwa. Pete ya kuchovya dhahabu ndiyo tusiyoishauri kabisa. Utando wake ni mwembamba mno, huanza kulika upande wa kiganja, na chini yake mara nyingi kuna nikeli, ambayo huwasha ngozi za watu wengi. Mkufu wa kuchovya angalau hausuguliwi sana.

Ukipata upele chini ya pete, usikimbilie kulaumu madini. Sabuni na maji vikinaswa hapo kila unaponawa, ngozi huumuka vilevile. Ivue wiki nzima, uioshe na kuikausha, kisha ivae kidole kikiwa kikavu. Upele ukirudi hata hivyo, madini hayo hayakufai.

Muhuri wa 925 hugongwa na yeyote mwenye nyundo, na sumaku haisaidii sana. Sumaku ikinasa, jua si fedha. Isiponasa, inaweza bado kuwa shaba ya njano. Kipimo kinachosema kweli ni uzito ndani ya maji, nacho kinahitaji mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima pete kavu na uandike. Weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga pete kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, usome namba inayotokea. Gawa uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Pete ya gramu 8.24 inayosoma 0.80 majini inakupa 10.3, na hiyo ndiyo fedha ya 925. Ikisoma 0.97 unapata 8.5, yaani umeuziwa shaba ya njano. Chuma hukaa karibu na 8. Kipimo hiki hudanganya pete ikiwa na jiwe, ikiwa na uwazi ndani, au mapovu yakiwa yameishikilia.

Saizi ipimwe jioni, wakati mikono ina joto. Kidole kilichopimwa asubuhi ya baridi ya Kabale kitanunuliwa pete itakayobana ukifika Kampala mchana. Kata ukanda wa karatasi wenye upana wa pete unayotaka, uzungushe, weka alama unapokutana, kisha pima milimita. Ukitaka kipenyo, gawa kwa 3.14. Hakikisha duara hilo linavuka kifundo. Pete pana ya milimita 8 ongezea mzingo kama milimita moja, kwa kuwa hushika ngozi kubwa zaidi.

Cheni: kwa shingo ya sentimita 40, cheni ya 50 hukaa kwenye mitulinga na ya 60 hushuka kifuani. Usiangalie unene wake peke yake. Tazama kile kipete kidogo kinachoshika kifungio: kama ncha zake zimebanwa tu bila kulehemiwa, cheni itakatikia hapo. Sonara hulehemu cha fedha kwa dakika chache. Cha kuchovya akiache, moto utaunguza rangi. Na ukipita kwenye stendi ya taksi yenye msongamano, cheni ikae ndani ya shati.

Bangili za pembe za ng'ombe wa Ankole ni nyepesi na hupendeza mkono wa mwanamume kuliko plastiki yoyote. Pembe ni kitu kimoja na kucha: ikilowa mara kwa mara hupinda, ikikauka mno hupasuka. Ivue ukioga, usiiache juani kwenye dashibodi, na uipake tone la mafuta ya simsim kila baada ya wiki chache. Ukitilia shaka, choma upande wa ndani kwa sindano ya moto: pembe hunuka nywele zilizoungua. Vya ndovu, yaani pembe zake hata nywele za mkia, viache dukani. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha.

Vua pete kabla ya kushika mashine inayozunguka, kuruka kutoka kwenye lori, au kugusa betri ya gari. Pete ikiunganisha spana na bodi, volti 12 hizohizo huichoma hadi nyekundu ikiwa kidoleni.

Ikikwama, usiivute kwa nguvu. Kidole kitavimba zaidi. Inua mkono juu ya moyo dakika tano, kisha paka sabuni. Ikikataa, pitisha ncha ya uzi chini ya pete kuelekea kiganja, zungushia uzi uliobaki kidoleni kwa kubana bila nafasi, kuanzia ukingo wa pete hadi uvuke kifundo. Shika ncha ya upande wa kiganja na uufungue taratibu ukiuzungusha kuelekea ukuchani, pete itafuata. Kidole kikiwa cha bluu, kimekufa ganzi au kimejeruhiwa, nenda hospitali moja kwa moja. Fedha na dhahabu hukatwa haraka kwa msumeno mdogo wa pete, chuma huchukua muda. Tangisteni, madini magumu sana, haikatiki kwa msumeno huo. Hubanwa kwa koleo la kufunga hadi ivunjike vipande, kwa hiyo mwambie muuguzi mapema pete yako ni ya nini.