Fulana ya mahafali yenye pambo la bibo: namna ya kuishona nyumbani

Kabla ya kununua chochote, muulize mwalimu watoto watavaa nini siku ya mahafali. Chekechea nyingi huwavalisha majoho, na joho likifungwa mbele pambo lote la kifuani linafichika. Fulana hii inafaa zaidi kwa watoto wa ngoma au halaiki.

Pambo ni bibo (tunda la mkorosho) na korosho yake, umbo ambalo mtoto wa Mtwara au Lindi analitambua hata kwa mbali. Tafuta fulana ya pamba, vipande vya kitenge chekundu au cha njano, cha kijivu na cha kijani (mabaki ya kwa fundi cherehani yanatosha kabisa), uzi wa rangi hizo, sindano nyembamba ya mkono, pini, boksi gumu na pasi.

Fua fulana na vitenge kwanza, kila kimoja peke yake. Pamba mpya husinyaa, na kitenge chekundu hupenda kuchuja rangi. Lowesha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi. Kikiacha doa, fua tena mpaka kisitoe rangi; kikiendelea kutoa, usikitumie. Usitegemee chumvi kuishika rangi.

Kwa mtoto wa miaka 6, pambo zima lisizidi upana wa sentimita 15, na lianze sentimita 5 chini ya shingo. Likipanda zaidi ya hapo, shingo inakataa kutanuka wakati wa kuvaa na nyuzi zinakatika.

Chora kwenye boksi bibo la urefu wa sentimita 11, korosho ya sentimita 5 na jani moja, kisha kata. Korosho huning'inia chini ya bibo. Wengi huichora juu, penye kikonyo. Weka boksi juu ya upande wa ndani wa kitenge, kata ukiacha nusu sentimita kuzunguka. Pitisha uzi wa mishono midogo kwenye ile nusu sentimita, vuta taratibu mpaka ukingo ulalie boksi, piga pasi, kisha legeza uzi utoe boksi. Duara linatoka laini, halina kona. Penye bonde la korosho kitambaa hakikubali kulala mpaka ukipige vipasuo vitatu vya milimita 3. Kipasuo kikifika kwenye mstari wa kukunjia, kitenge kitafumuka hapo baada ya kufuliwa.

Sasa penye kazi yenyewe. Fulana inavutika, kitenge hakivutiki. Ukiitanua fulana wakati wa kushona, ukiiachia inarudi na pambo linakunjamana, na hakuna pasi itakayolinyoosha. Kwa hiyo tandaza fulana mezani bila kuivuta, ingiza kipande kingine cha boksi ndani ili usishone mbele na nyuma pamoja, weka pini, piga bandi (mishono mirefu ya muda) pande zote, ndipo ushone ukingo kwa mkono kwa mishono ya milimita 3. Wenye cherehani ya kushona mstari tu washone milimita 2 kutoka ukingoni, wakiweka karatasi nyeupe ya daftari chini ya fulana na kuichana baadaye. Gazeti lisitumike, wino wake unahamia kwenye nguo.

Jina la mtoto au mwaka lidarizi kwa mshono wa mnyororo, herufi za sentimita 3. Mshono huu unavutika pamoja na fulana; ule wa kurudi nyuma hauvutiki kama huu. Watoto wadogo wasiwekewe shanga, huzing'oa na kuzitia mdomoni.

Geuza ndani nje, funika mafundo kwa kiraka laini cha fulana kuukuu, maana mtoto akiwashwa atashinda akijikuna jukwaani. Pasi ya mkaa ikung'utwe majivu kwanza, na iwekewe kitambaa chini yake.

Mjaribishe siku tatu kabla, mikono juu na kuinama, ili ubaki na muda wa kurekebisha.