Namna ya kuchambua chanzo cha uharamia kwenye pwani ya China

Ukimuuliza mwanafunzi kwa nini pwani ya China ilijaa maharamia, atakujibu: umaskini. Nafundisha historia, na jibu hilo peke yake silipi alama. Wavuvi wa Fujian na Guangdong, majimbo ya pwani ya kusini, walikuwa maskini kizazi baada ya kizazi, lakini uharamia ulifumuka miaka fulani na kupoa mingine. Tunachotafuta ni sababu ya kufumuka. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Chagua kipindi kimoja

Mawimbi makubwa ni matatu: miaka ya 1540 hadi 1560 huko Zhejiang na Fujian, katikati ya karne ya 17, nasaba ya kifalme ya Ming ilipoanguka, na 1790 hadi 1810 huko Guangdong. Usiyachanganye.

Hatua ya 2: Soma sheria kwanza, maharamia baadaye

Uliza sheria imemharamisha nani. Mwaka 1371 Mfalme Hongwu wa Ming alipiga marufuku raia kufanya biashara ya baharini. Biashara ya nje ikabaki ya serikali na wajumbe walioleta tunu. (Ni dola hiyohiyo iliyotuma meli za jemadari Zheng He hadi Malindi, kwa hiyo usidhani Wachina waliiogopa bahari.) Karne ya 16 Japani ilikuwa na madini mengi ya fedha (silva) na ilitaka hariri ya China. Faida ilikuwepo, njia ya halali hakuna.

Biashara ikahamia Shuangyu, bandari ya magendo kisiwani karibu na Ningbo, walikokutana Wachina, Wajapani na Wareno. Mwaka 1548 afisa Zhu Wan aliivamia, akaiteketeza na kuuziba mlango wake. Magendo hayakufa. Watu wenye meli na mtaji walibaki bila pa kuuzia, na miaka ya 1550 mashambulizi yakazidi. Zhu Wan mwenyewe alishtakiwa na vigogo walionufaika na biashara hiyo, akanywa sumu. Wang Zhi, mfanyabiashara wa Huizhou aliyeweka makao Hirado, Japani, aliiomba serikali ifungue biashara. Alipojisalimisha alifungwa, kisha akakatwa kichwa. Serikali iliwalaumu Wajapani, ingawa wengi wa washambuliaji walikuwa Wachina.

Sasa pima hoja yako. Mwaka 1567 bandari ya Yuegang, Fujian, ilifunguliwa kwa wafanyabiashara, na uharamia ukapungua sana. Huo ni ushahidi mzito, ila muda mfupi kabla yake Jemadari Qi Jiguang alikuwa amewapiga maharamia hao nchi kavu. Taja yote mawili, useme lipi lina uzito zaidi na kwa nini.

Hatua ya 3: Fuata kalenda ya mvuvi

Hapa nenda Guangdong, mwisho wa karne ya 18. Kiangazi uvuvi ulikuwa duni. Upepo wa kusini-magharibi ulipoanza kuvuma, mvuvi mwenye deni alipandisha tanga kuelekea kaskazini, akapora vyombo vya mizigo kwa miezi michache, na upepo ulipogeuka akarudi kwenye nyavu zake. Uporaji wa namna hii ni wa msimu, wa kikundi kidogo. Umaskini unaueleza vizuri, lakini hauelezi jeshi la majini.

Hatua ya 4: Mtafute mfadhili

Vietnam, watawala wa nasaba ya Tây Sơn, waliokuwa vitani, walihitaji wapiganaji wa baharini. Waliwapa waporaji wa Kichina vyeo, meli na mahali pa kujificha, na ngawira ikapata soko mji wa mpakani wa Jiangping. Mwaka 1802 mpinzani wao, Nguyễn Ánh, akawaangusha Tây Sơn. Maharamia wakarudi Guangdong na uzoefu wa vita, bila bwana. Mwaka 1805 viongozi wao walifunga mkataba, Zheng Yi akiwa mkuu, wakajigawa kwa bendera za rangi. Alipofariki 1807, mjane wake Zheng Yi Sao alishika uongozi pamoja na Zhang Bao, mtoto wa kulea wa Zheng Yi. Waliziuzia meli za chumvi hati za kupita salama. Yaani walikusanya kodi.

Wengi melini walikuwa wavuvi waliotekwa na kulazimishwa. Hili nalisisitiza sana: usiwahesabu kama watu waliojichagulia uharamia.

Hatua ya 5: Uliza serikali ilikuwa wapi

Kati ya 1796 na 1804 Qing, nasaba iliyotawala China baada ya Ming, ilikuwa inapambana bara na uasi wa kundi la kidini la Lotus Nyeupe, na hazina ikakauka. Mwaka 1810 msamaha ulifanya kazi ambayo mizinga ilishindwa: zaidi ya watu 17,000 walijisalimisha, na Zhang Bao akapewa cheo jeshini.

Hatua ya 6: Andika sentensi moja

Panga sababu kwa uzito. Mfano: "Uharamia wa Guangdong ulikua kwa sababu vita vya Vietnam viliwapa waporaji wa msimu silaha na uongozi, wakati Qing ilikuwa imebanwa bara."

Kisha jaribu wimbi la pili mwenyewe. Mwaka 1661 Qing iliamuru wakazi wa pwani wahamishwe bara ili Zheng Chenggong, kiongozi wa baharini aliyeipinga Qing, akose chakula na watu. Taiwan, ngome ya ukoo wake, ilisalimu amri 1683, na mwaka uliofuata biashara ya baharini ikafunguliwa. Anzia hatua ya 2: amri hiyo ilimharamisha nani?