Namna ya Kumweleza Mwenzi Wako Kwamba Ulitoka Nje ya Ndoa

Kabla hujafungua mdomo, mchepuko uwe umekwisha kabisa, namba imefutwa na kisingizio cha foleni ya Kimara kimekoma, kwa maana kukiri jambo ambalo bado unaliendeleza ni kumsaliti mwenzi wako mara ya pili.

Kisha nenda ukapime, hatua ambayo wengi huiruka kwa aibu. Pima Virusi vya UKIMWI, kaswende na homa ya ini, ukikumbuka kwamba maambukizi mapya yanaweza yasionekane kwenye kipimo cha haraka, hivyo urudie baada ya miezi 3; na kama tendo lilifanyika ndani ya saa 72 zilizopita, omba dawa za kinga dhidi ya Virusi vya UKIMWI bila kuchelewa. Kuendelea kulala na mwenzi wako bila kinga huku ukijua hali yako haijathibitishwa ni dhuluma ambayo, kwa maoni yangu, inauzidi hata usaliti wenyewe.

Chagua siku ambayo watoto wako kwa bibi yao na dada wa kazi amepewa ruhusa, kisha useme kwa ufupi: "Mama Neema, nimekukosea. Tangu mwezi wa nne hadi wa saba nilikuwa na mwanamke mwingine, nimeachana naye, na majibu ya vipimo ni haya." Usimsingizie shetani, wala usitaje ubaridi wa mkeo au safari za mumeo. Jibu unaloulizwa kwa ukweli, ila ya kitandani usiyasimulie, na akirudia swali lile lile usiku kucha, lijibu tena. Usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze.

Ndugu zako wasijue kabla yake. Akitaka msuluhishi, awe mshenga, wasimamizi wa ndoa, shehe au mchungaji, amchague yeye. Huko Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inautambua ugoni, yaani zinaa ya mwanandoa nje ya ndoa, kuwa miongoni mwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika, lakini kwa kawaida shauri la talaka hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Usimtishe kwa sheria hiyo, wala usimzuie kuitumia.

Ikiwa mwenzi wako amewahi kukupiga, usikiri mkiwa wawili tu ndani ya nyumba: mweleze mbele ya mtu mzima anayemheshimu, na iwapo atakutishia, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu.