Jumuiya isisambae: namna ya kusali pamoja kwa simu kipindi cha ugonjwa

Mwaka 2020 korona ilipoingia serikali haikufunga makanisa, Jumapili tulienda kama kawaida, unanawa kwenye ndoo ya maji tiririka pale mlangoni, mnakaa mbalimbali, amani mnapeana kwa kuinamisha kichwa, yanaisha. Kilichotushinda ni jumuiya, yale makundi madogo ya waumini majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Jumuiya za Dar mnazijua, watu ishirini na kitu kwenye sebule moja ya Tabata, makochi yamejaa, vijana wamesimama koridoni, bibi kakalia stuli karibu na friji, sasa hapo mita moja unaitoa wapi? Ikabidi tuhamie kwenye simu, na kwa kweli tulikosea karibu kila kitu, mi ndo nilikua katibu kwa hiyo makosa mengi ni yangu. Naandika haya kwa sababu magonjwa yanarudi, Kagera wamepata Marburg 2023 na tena 2025, na siku ugonjwa ukitua hapa mjini usianze kuhangaika na linki wakati watu wameshapotea.

Kabla hujagusa apu yoyote chukua daftari la jumuiya, lile la majina na zaka, pembeni ya kila jina andika mtu ana simu gani. Simu janja, kitochi, au anategemea simu ya mtoto wake anayerudi kazini saa 3 usiku. Andika pia kama ananunua bando la wiki au la siku, manake wa bando la siku akishamaliza MB zake mchana jioni humpati. Sisi hatukufanya hivi, tulikaa watu watano wenye simu nzuri tukaamua wote tuingie Zoom, wiki ya tatu ndo mama mmoja akauliza, "Hivi bibi yule wa nyumba ya kona nani anasali naye?" Kimya. Panga mambo yako kwa kumwangalia mwenye simu mbovu kuliko wote, huyo wa simu kali atajiunga tu popote utakapompeleka.

Halafu grupu. Najua mnalo tayari WhatsApp, na najua limejaa nini: maua ya asubuhi njema, video za nyungu, malimao na tangawizi, mtu anauza dagaa wa Mwanza. Usiligombeze hilo, watu wanalihitaji, hasa kipindi ambacho wamejifungia na upweke. Fungua la pili la sala na matangazo, kwenye mipangilio weka admini tu ndo wanaotuma, admini wawe watatu (mwenyekiti, katibu, na kijana mmoja anayejua simu), basi. Mtu akifungua hilo grupu anakuta leo tunasali saa ngapi na somo ni lipi, hapandi juu meseji mia mbili kulitafuta.

Sasa sala yenyewe. Zoom ya bure inakata dakika 40 mkiwa kundi, sisi ilitukata kwenye litania, tumefika "Nyota ya asubuhi" kila mtu akabaki anaangalia simu yake, kurudi ndani nusu yetu linki ikagoma. Simu ya pamoja ya WhatsApp ni rahisi zaidi kwa wazee kwa sababu inaita kama simu ya kawaida, wewe unapokea tu. Kipindi kile ilikua inachukua watu wanne, Aprili hiyo hiyo wakaongeza wakafika wanane, siku hizi inafika 32 na jumuiya ya kawaida inaenea humo. Piga ya sauti, video zima. Video inakula bando vibaya sana, na pia kuna watu hawataki sebule yao ionekane, wanaona bora wasiingie kabisa, hilo hawatakwambia.

Rozari kwa simu ina mtego wake. Sauti inachelewa, kila nyumba inachelewa kivyake, ukisema salamu watu kumi na tano wakajibu pamoja unapata "Maria Mtakatifu" kumi na tano zinazofuatana kama mwangwi wa kisimani, ya mwisho inafika wewe umeshaanza nyingine. Tulicheka sana siku ya kwanza, siku ya pili ikakera. Dawa ni hii: anayeongoza mmoja, anayeitikia mmoja, wengine wote wanafunga kipaza sauti na kuitikia nyumbani kwao kwa sauti, watoto wasikie. Badilisheni kila fungu, fungu la kwanza familia hii, la pili ile, hivyo nyumba tano zinasikika kila jioni. Nyimbo vilevile, nyumba moja iimbe. Msijaribu kuimba pamoja kwa simu, nakuomba. Na anayeongoza akae ndani, asiwe uani, jogoo wa jirani alisali na sisi novena nzima.

Kushirikishana Injili ndo tuligundua hakuhitaji watu kuwa hewani pamoja. Asubuhi saa 12 mtu mmoja anarekodi somo kwa sauti anatupia kwenye lile grupu la kwanza la wote, anayefuata anarekodi alichoguswa nacho, na mtu anasikiliza akiwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto au anasubiri wateja Buguruni, anajibu akipata nafasi, hadi jioni mmekusanya sauti kumi. Sheria moja tu, isizidi dakika mbili. Kuna mzee wetu mmoja alikua anatuma za dakika tisa, mtu mwema sana, ila hakuna aliyefungua. Mwenyekiti akamwendea inboksi kwa heshima, "Shikamoo baba, wenye bando dogo wanashindwa kukupata wote," kuanzia hapo anazikata vipande. Kitu ambacho sikukitegemea, wale wasioongea kabisa sebuleni, hasa kina mama vijana, ndo walikua wanarekodi kuliko wote.

Narudi kwa bibi wa nyumba ya kona, mwenye kitochi, maana hapa ndo watu wengi wanaishia njiani. Njia ni tatu. Moja, kitochi kingi kina redio, msome ratiba ya Radio Maria au Radio Tumaini (ndugu zetu Walutheri wana Upendo FM), mwambie asikilize kipindi fulani, kikiisha mtu ampigie waongee dakika kumi walichosikia. Mbili, mtu mwenye simu mbili: simu janja iko kwenye sala, kitochi anampigia bibi, zote spika. Usizibananishe zitapiga mluzi, ziache kama urefu wa mkono na sauti ya upande wa bibi ipunguze kidogo, anasikia vizuri na rozari anaitikia. Dakika za kupiga zinunuliwe na mfuko wa jumuiya, msimwachie huyo mtu. Tatu, SMS ya kawaida kila Ijumaa: somo, nia ya sala, nani mgonjwa kwa ruhusa yake. Mgawane, kila mwenye simu janja awe na mtu wake mmoja wa kitochi, jina liandikwe kwenye daftari. Ukisema "tutakuwa tunawapigia" hakuna atakayepiga.

Hapo kwenye wagonjwa niseme kidogo. Usimtaje mtu kwenye grupu kwamba anaumwa au amepimwa mpaka yeye au mwenzake wa ndani akubali. Kipindi kile mtu akikohoa tu mtaa unamkwepa, duka linamkwepa, watoto wake wanachekwa. Kwetu jina la familia moja lilitoka kwenye grupu la sala likafika kituo cha bodaboda kabla ya jioni, na hiyo familia ilikaa miezi bila kujibu simu yetu. Andika "tumwombee mwanajumuiya mwenzetu", Mungu anamjua.

Sadaka na michango: namba moja, ya mweka hazina, isomwe kwa sauti kwenye sala na jina litakalotokea ukituma litajwe. Ikija meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" hata kama imetoka kwa simu ya mwenyekiti, mpigie umsikie, matapeli hawaogopi kanisa. Mweka hazina atume mahesabu kila Jumamosi, kilichoingia, makato, kilichotoka, na kiliko. Wenye shida ya chakula wapelekewe unga na maharage mlangoni kimyakimya, picha za kukabidhi msipige.

Ukikuta habari ya dawa au ya chanjo kwenye grupu na hakuna aliyeitoa kwa daktari, muulize aliyeituma kaipata wapi, mara moja, kwa upole, mbele ya wote. Wakijua mtauliza wanapunguza.

Muda: sisi tulianza kila siku saa nzima, tukachoka wiki ya pili. Tukahamia Jumanne na Ijumaa saa 2 usiku dakika ishirini na tano, Jumamosi asubuhi ile ile ya jumuiya ndo ndefu kidogo. Mkimaliza usikate simu, acha watu wabaki dakika tano wapige soga, bei ya mkaa, mtoto wa nani kafaulu, sebuleni si ndo tulikua tunafanya hivyo wakati chai inamiminwa. Na siku ya sala mtumie bibi ujumbe mchana, achaji kitochi mapema, umeme usije ukakatika jioni.